Tulifika Guangzhou, Tukawa Hatujui Kusoma



Wengi wetu tunaikumbuka siku tuliposoma neno letu la kwanza ubaoni. Tulifurahi. Tulisema, "Sasa macho yamefunguka, hayatafumba tena."

Katika somo hili tunawaeleza jinsi sisi wawili tulivyofika mji wa Guangzhou, nchi ya China, tukajikuta hatujui kusoma tena. Hatukwenda kutembea. Tulitumwa na kikundi chetu cha wakulima wa alizeti kununua mashine ya kukamua mafuta. Fedha zilichangwa na wanakikundi, wengine waliuza kuku na mbuzi. Waliotumwa ni katibu wa kikundi na mweka hazina. Mweka hazina wetu ni mama aliyejifunza kusoma ukubwani, akiwa tayari na wajukuu.

Someni polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yako maswali ya kujadili.

GUANGZHOU UKO WAPI?

Guangzhou uko kusini mwa China, katika mkoa wa Guangdong. Jina lake hutamkwa karibu na "Gwang-jou". Umejengwa kando ya mto Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu. Watu walipohesabiwa mwaka 2020, mji huu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 18.

Hali ya hewa ya wakati wa joto ni kama ya pwani yetu: joto, jasho na mvua nyingi. Migomba na mipapai huota huko. Wali ndio chakula chao, kama ugali kwetu.

Mji huu ni wa biashara tangu zamani. Tangu mwaka 1957 yanafanyika maonyesho makubwa ya biashara mara mbili kila mwaka. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaujua.

Wenyeji wanauita pia Mji wa Mbuzi. Wanasimulia kwamba hapo kale palikuwa na njaa. Wakaja watu watano wa mbinguni, wamepanda mbuzi watano, wakawapa watu masuke ya mpunga. Wale watu wakaondoka, na mbuzi wakageuka mawe. Leo iko sanamu kubwa ya mbuzi hao katika bustani ya Yuexiu. Mkulima akisikia hadithi hiyo, anaona kwamba mji nao unakumbuka ulikotoka: shambani.

KIDOLE TENA?

Tulitua uwanja wa ndege wa Baiyun. Maana ya jina hilo ni Mawingu Meupe. Saa zetu zilisema ni saa mbili asubuhi. Saa ya ukutani ilisema ni saa saba mchana. Kumbe China wako mbele yetu kwa saa tano. Jua hufika kwao kwanza.

Tukasimama mstari kwa watu wa uhamiaji. Ilipofika zamu yetu, tuliambiwa kwa ishara tuweke vidole juu ya kioo. Mashine ichukue alama zake.

Mweka hazina wetu akasita. Akasema kwa sauti ya chini, "Kidole tena?"

Tulimwelewa. Kwa miaka mingi alikuwa akitia dole gumba kwenye karatasi asizojua zimeandikwa nini. Siku aliyoandika jina lake mwenyewe, aliapa hatatia dole tena. Tukamwonyesha mstari mzima. Wenye tai walikuwa wakiweka vidole, na wenye miwani vilevile. Hapo akacheka kidogo, akaweka vidole vyake.

Lakini alipotoka upande wa pili, kicheko kilikwisha. Mbele yetu palikuwa na vibao vingi, na kila kibao kimejaa alama. Zingine kama kijumba, zingine kama mti, zingine kama kichaka cha miiba. Watu walitupita haraka, kila mtu anasoma na kujua aendako. Sisi tulisimama na mizigo yetu.

"Leo nimerudi kule kule nilikokuwa," akasema mama.

Kweli, chini ya alama hizo palikuwa na maneno kwa herufi tunazozijua. Wachina walianza kutumia herufi hizo mwaka 1958, kusaidia watu kujifunza matamshi. Lakini kujua herufi si kujua neno. Tuliposoma "x" tulikwama. Wao hapo hutamka karibu na "sh". Tuliposoma "q" tulikwama tena. Wao hutamka karibu na "ch". Tukawa kama mtoto wa darasa la kwanza, anayesoma silabi bila kupata maana.

BARABARANI NA HOTELINI

Jambo la kwanza barabarani lilitaka kutuua. Kwetu magari hupita kushoto. China magari hupita kulia. Tulitazama kulia, tukaona pako wazi, tukakanyaga barabara. Gari likaja kutoka kushoto! Dereva akafunga breki. Kuna pia pikipiki nyingi za umeme. Hizo hazina mlio. Ukingoja kusikia kwanza ndipo uruke, umechelewa. Tangu hapo tukaweka sheria yetu: tazama kushoto, tazama kulia, tazama tena kushoto, kisha mshikane mikono.

Hotelini walichukua pasi zetu wakaziandikisha. Sheria ya China inasema mgeni lazima aandikishwe polisi kabla ya saa 24 kupita tangu afike, na hoteli humfanyia kazi hiyo. Wakatupa kadi ndogo yenye jina la hoteli.

Katika lifti tuliona vitufe vya namba: 1, 2, 3, halafu 5. Mama akasema, "Hawa nao wamekosea hesabu." Baadaye tuliambiwa kwamba kwa lugha yao sauti ya "nne" inafanana na sauti ya "kufa". Kwa hiyo majumba mengine hayana ghorofa ya nne.

Wakati tukingoja ufunguo, mweka hazina alitoa daftari lake la mahesabu. Akaiweka ile kadi juu ya meza. Akaanza kunakili jina la hoteli, mstari kwa mstari, kama mtu anayechora ramani ya shamba. Sisi tuliona anapoteza muda. Tukamwambia, "Mama, kadi si tunayo?" Akajibu, "Nyie acheni. Mkono ukiandika, kichwa kinashika."

MEZANI

Jioni tulikwenda kula. Kabla ya chakula tulipewa bakuli, vikombe, vijiti viwili viwili vya kulia, na birika la chai ya moto. Tukamimina chai bakulini, tukainywa. Watu wa meza ya jirani wakatutazama. Kumbe wao chai ile ya kwanza huitumia kusuuza bakuli na vijiti, kisha huimwaga. Tulikunywa maji ya kuoshea vyombo! Hakuna aliyetucheka kwa ubaya. Mzee mmoja alituonyesha polepole, nasi tukafanya kama yeye.

Yule mzee alipomiminiwa chai, aligonga meza kwa vidole viwili, taratibu. Hiyo ni asante. Nasi tulipomiminiwa, tukagonga. Mhudumu akatabasamu. Hilo ndilo neno letu la kwanza la mji ule, na tulilisema kwa vidole.

Kulipa kulikuwa na kazi yake. Fedha yao inaitwa yuan. Watu wengi hulipa kwa simu. Hata muuza mboga ana kikaratasi chenye mchoro wa miraba myeusi na myeupe. Mnunuzi anaupiga picha kwa simu, fedha zinakwenda. Noti zinapokelewa, ila muuzaji anaweza kukosa chenji. Kwa hiyo beba noti ndogondogo.

SHAMBA NA NGUVU

Kesho yake tulikwenda sehemu inayoitwa Xiaobei, penye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika. Tulikuwa tunapita kimya kimya, mara tukasikia nyuma yetu, "Shikamoo mama!"

Mama aligeuka kama aliyeitwa na mwanawe. "Marahaba, marahaba mwanangu! Umejuaje?"

"Kwa khanga yako, mama."

Alikuwa kijana Mtanzania anayesafirisha mizigo ya watu. Akatukaribisha chai. Mama akamwambia shida yake, kwamba macho anayo ila hayasomi. Yule kijana akachukua daftari, akaandika alama chache.

"Tazama mama. Hii ni moja: 一. Hii ni mbili: 二. Hii ni tatu: 三. Hii ni kumi: 十."

Mama akasema, "Mbona rahisi?"

"Nne haiendi hivyo," kijana akacheka, "ila tuendelee. Huu ni mti: 木. Miti miwili ni msitu mdogo: 林. Hili ni shamba: 田."

Tulilitazama lile shamba. Lilikuwa mraba uliogawanywa majaruba manne. Mkulima yeyote angelitambua.

"Hii ni nguvu: 力," akaendelea. "Sasa weka shamba juu, nguvu chini: 男. Hiyo ni mwanamume. Ukiiona mlangoni, choo hicho ni cha wanaume. Usiingie."

Mama akaitazama sana alama ile. Kisha akasema, "Aliyebuni herufi hii hakufika kijijini kwetu. Kwetu nguvu shambani ni mwanamke." Tulicheka wote hadi watu wakageuka.

Mwisho akamwandikia alama mbili zinazokaa pamoja: 出口. Maana yake ni mahali pa kutokea. Ya pili, 口, ni mdomo. Mama akazinakili mara kumi.

USIKU TULIPOPOTEA

Jioni tulipanda treni ya chini ya ardhi kurudi hotelini. Treni hii ni msaada mkubwa kwa mgeni. Karibu kila njia ina namba yake na rangi yake. Namba ni zile zile tunazozijua: 1, 2, 3. Unalipa kwenye mashine, unapata kipande kidogo cha plastiki cha mviringo. Unakigusisha mlangoni unapoingia, unakirudisha unapotoka.

Tulishuka kituo sahihi. Mama akaona 出口, akapiga kelele ya furaha, "Mdomo! Tutokee hapa!" Tukatoka.

Lakini kituo kimoja kina milango mingi ya kutokea, nayo ina herufi: A, B, C, D. Asubuhi tuliingilia mlango mmoja, usiku tukatokea mwingine. Hatukuwa tumeandika herufi yake. Juu tulikuta barabara tusiyoijua. Majumba yote marefu, taa zote kali, mvua imeanza. Tukatafuta kadi ya hoteli mifukoni. Haikuwepo. Tuliiacha chumbani. Simu yetu ilikuwa imezimika.

Tulikuwa na fedha za kikundi kiunoni. Tuliwafikiria wale waliouza kuku na mbuzi zao. Tulisimama chini ya daraja la magari, tumelowa, hatuna neno la kumwambia mtu yeyote.

Ndipo mama alipofungua daftari lake. Karibu yetu alikuwapo mama wa makamo akifagia barabara, amevaa koti la mvua. Mweka hazina wetu alimwendea, akampa heshima ya kuinama kidogo, akamwonyesha ule ukurasa.

Yule mfagiaji alisogeza daftari kwenye mwanga. Akafuata mistari kwa kidole. Akakunja uso. Akafuata tena. Kisha akasoma kwa sauti. Alichukua kalamu ya mama, akaongeza mstari mmoja mdogo uliosahauliwa, akacheka. Akaegesha ufagio wake, akamshika mama mkono, akatuongoza hadi mlangoni mwa hoteli.

Mama hakulala mapema usiku ule. Alikaa akiutazama ukurasa. "Nimeandika lugha nisiyoijua," alisema, "na mtu ameisoma."

YULE MFAGIAJI ALIJUAJE KUSOMA?

Hilo nalo tulijiuliza. Mwaka 1949, Wachina zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Nchi ile ilifungua madarasa ya watu wazima vijijini na viwandani. Alama zao nyingi zilirahisishwa kuanzia mwaka 1956, zikapunguzwa mistari. Kanuni yao ya mwaka 1988 ilisema kwamba mkulima atahesabiwa anajua kusoma akijua alama 1,500. Mfanyakazi wa mjini alitakiwa kujua alama 2,000.

Fikirini, ndugu zetu. Sisi tulilalamika kujifunza a, e, i, o, u na silabi zake. Mkulima mwenzetu wa China alikwenda darasani baada ya jembe, akajifunza alama 1,500. Nasi nchini kwetu tulifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakafanyika chini ya miembe na makanisani na misikitini.

MBILI AU NANE?

Siku ya tatu tulikwenda kwenye duka la mashine. Tukaipata mashine tuliyoitaka. Tukauliza bei kwa ishara. Muuzaji akainua mkono, akanyosha dole gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili. Akaonyesha kwamba ni maelfu.

Tulitazamana. Yuan 2,000! Tulikuwa tumejiandaa kulipa mara tatu ya hizo. Katibu akaanza kufungua mkoba atoe malipo ya kwanza.

"Ngoja," mweka hazina akasema. "Kwenye kikundi chetu hakuna fedha inayotoka bila maandishi. Aandike."

Akampa muuzaji daftari na kalamu. Muuzaji akaandika: 8,000.

Lo! Tukamwuliza tena kwa ishara. Akainua vidole vile vile. Tulimpigia simu yule kijana wa Xiaobei. Akatueleza kwamba Wachina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja. Dole gumba na kidole cha shahada vikinyoshwa, ni nane. Dole gumba na kidole cha mwisho vikinyoshwa, ni sita.

Kama tungetoa malipo ya kwanza tukiamini ni 2,000, ugomvi ungekuwa mkubwa, na lugha ya kugombana hatuna. Muuzaji hakutudanganya. Alisema nane kwa lugha ya mkono wake, sisi tukasikia mbili kwa lugha ya mkono wetu. Namba iliyoandikwa ndiyo iliyosema jambo moja kwa wote.

Tukaanza kupatana bei kwa kuandika. Yeye anaandika, sisi tunakata na kuandika yetu. Tulifika 6,800. Risiti ikaandikwa, mama akaihesabu mara mbili, akatia sahihi kwa jina lake kamili. Si kwa kidole.

TULICHOJIFUNZA

Ukienda mji mgeni, wa Asia au wa nchi yako mwenyewe, kumbuka mambo haya:

1. Siku ya kwanza, andika jina la mahali unapolala kwa maandishi ya wenyeji. Weka nakala mbili, moja mfukoni na moja kwa mwenzako.

2. Andika namba ya njia ya treni au basi, na herufi ya mlango uliotokea.

3. Jua magari hupita upande gani kabla ya kuvuka.

4. Bei iandikwe. Usiamini vidole, wala usione haya kusema "andika".

5. Tazama wenyeji wanavyofanya mezani na dukani, kisha fanya kama wao.

6. Ukipotea, usijifiche kwa aibu. Mtafute mtu aliye kazini, umwonyeshe maandishi yako.

Mashine ilifika kijijini baada ya miezi miwili na nusu, na sasa inakamua. Lakini liko jambo jingine lililokuja nasi.

Kabla ya safari, mweka hazina wetu alikuwa mkali kwa wasiojua kusoma. Aliwaambia, "Mimi niliweza, nyie mnashindwa nini?" Juzi tulikuwa naye kwenye zahanati. Bibi mmoja alikuwa ameshika karatasi ya dawa juu chini, akijifanya anaisoma. Zamani mama angemsema mbele za watu. Safari hii aliketi karibu naye, akaigeuza karatasi taratibu, akafuata mistari kwa kidole, kama alivyofanya yule mfagiaji. Akamsomea: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kisha akamwuliza, "Bibi, una nafasi Jumanne jioni?"

MANENO YA KUKUMBUKA

Alama: mchoro unaosimama badala ya neno au sauti.
Kunakili: kuandika kama ilivyoandikwa kwingine.
Uhamiaji: ofisi inayokagua watu wanaoingia na kutoka nchini.
Jaruba: sehemu ya shamba la mpunga iliyozungushiwa tuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mweka hazina alisema, "Leo nimerudi kule kule nilikokuwa"?
2. Ni jambo gani liliwaokoa wasafiri usiku walipopotea? Na dukani?
3. Guangzhou wako mbele yetu kwa saa tano. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa ngapi?
4. Bei ya kwanza ilikuwa yuan 8,000, ikashuka hadi 6,800. Ilipungua kiasi gani?
5. Je, katika kijiji chenu wako watu wanaoona aibu kusema hawajui kusoma? Mnaweza kuwakaribishaje bila kuwaaibisha?
6. Buni alama yako ya neno "mwanamke" wa kijijini kwenu. Ungechora nini juu, na nini chini?